Mahali pa Kazi pa Sista Ndeshi

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana aliyevaa suti iliyombana mabegani, naye aliusoma vizuri, bila haraka. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaolewa, akaachwa mjane mapema, akasomea uuguzi na ukunga, akatumika hospitalini miaka thelathini na kitu, akastaafu kwa heshima. Kisha kijana akafunua ukurasa wa pili na kusema, "Baada ya kustaafu aliendelea na shughuli zake binafsi hadi afya ilipodhoofika." Niliguna kwa sauti. Mama aliyekaa karibu nami chini ya turubai alinigeukia, nikajifanya nakohoa. Shughuli zake binafsi! Mtu angedhani Sista Ndeshi alistaafu akaanza kufuga kuku wa mayai. Nilitaka kusimama, lakini ratiba ya msiba haikuwa na nafasi yangu, kwani mimi si ndugu, si jirani, wala si wa usharika ule. Nilikuwa mpangaji wake kwa mwaka mmoja tu. Kwa kuwa pale hakuna aliyenipa neno, naliweka hapa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa wakala wa bima. Kampuni yangu ilikuwa mjini Arusha, ghorofa ya pili, na ilinipeleka Kikatiti kwa hoja kwamba barabara ya Moshi ina magari mengi na kila gari linahitaji bima. Ofisi yangu ilikuwa meza moja kwenye kibaraza cha duka la pembejeo. Chumba nilipata kwa Sista Ndeshi, juu kidogo, pale unapoacha vumbi la barabarani na kuingia kwenye migomba. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na mbili au tatu, mwembamba, mwenye hatua ndefu, na alikuwa na tabia ya kukutazama kiunoni kabla ya usoni. Jikoni kwake kulikuwa na sufuria mbili kubwa zinazofanana, moja ya makande na nyingine ya kuchemshia vifaa vya kazi, hii ya pili ikiwa na kitambaa chekundu kilichofungwa sikioni. Wiki yangu ya kwanza nilichemshia mahindi ndani ya ile yenye kitambaa. Hakunigombeza. Aliwamwagia ng'ombe mahindi yote, akaichemsha sufuria mara tatu, kisha akaniambia nikae nile loshoro, yaani mahindi ya maziwa mgando, alilotengeneza yeye. "Umejifunza?" aliuliza. Nilisema nimejifunza. "Basi kula, maziwa yataharibika."

Ukuta kati ya chumba changu na sebule yake ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka na kuachana. Siku za Jumanne na Ijumaa mchana, wajawazito walipokuja, nilisikia kila kitu hata nilipojitahidi kutosikia. Aliwapima presha, akawauliza habari za uzazi uliopita, akasikiliza tumbo kimya kimya. Baada ya hapo maswali yakabadilika, na hapo ndipo nilipoacha kujitahidi. "Kitanda chako kimekaa upande gani? Mlango ukifunguka unagonga nini? Kutoka mlangoni mpaka barabara ya gari mnavuka mifereji mingapi?" Mimi mwenyewe niliishi kwa kuuliza watu maswali ya hatari, gari linalala wapi, lina ving'ora, dereva ana umri gani, na nilijiona bingwa. Yule mama aliuliza vizuri kuliko fomu zangu zote. Na alikataa watu. Uzao wa kwanza alikataa, mapacha alikataa, aliyewahi kupasuliwa, mwenye presha, aliyekwisha kuzaa mara nyingi, wote aliwaandikia barua ya hospitali, na wengine aliwasindikiza kwa miguu yake ili wasiishie njiani. "Mimi si mkunga wa kila mtu," aliwaambia. "Mimi ni mkunga wa wale ambao Mungu ameshawarahisishia."

Siku moja nilimuuliza kwa nini basi asiwapeleke wote hospitali, apumzike. Tulikuwa tunamenya ndizi. Alinijibu bila kuinua macho. "Nimekaa mapokezi ya wazazi miaka yote hiyo, mwanangu. Nimewapokea waliochelewa. Wako wanaobaki nyumbani, na watabaki, uwatoze faini usiwatoze. Swali langu ni wanabaki na nani." Faini ilikuwepo kweli, sheria ndogo ya kijiji kwa anayejifungulia nyumbani, lakini mtendaji aliyetakiwa kuitoza alikuwa na watoto wawili waliopokelewa na mikono hiyo hiyo, na kila alipokutana na Sista njiani alitazama milima.

Sharti lake lilikuwa moja, na ndilo lililomfanya achekwe kuanzia Kikatiti mpaka huko juu. Hakumpokea mjamzito yeyote mpaka familia ifanye zoezi la machela. Yaani, mwezi mmoja au miwili kabla ya siku zenyewe, mchana kweupe, wanaume wanne wa nyumba hiyo au majirani wambebe mtu mzima kwenye machela kutoka chumbani mpaka barabara ya gari, yeye akitembea nyuma na saa yake mkononi. Mwisho wake ulikuwa dakika kumi na tano. Ikizidi, tengenezeni njia, kisha mrudie. Mimi alinipa kazi ya kukaa barabarani na simu, karibu na pikapu ya mzee mmoja wa maziwa, kuhakikisha gari linawaka kweli na si kwa maneno. Niliifanya kazi hiyo Jumamosi zangu zote na sikuwahi kulipwa hata chai, na sikumbuki Jumamosi nyingine maishani nilizozipenda hivyo.

Zoezi ninalolikumbuka kuliko yote ni la kwa Elibariki, ambaye mkewe Neema alikuwa na mimba ya tatu. Siku hiyo nilipanda kwanza mpaka nyumbani kwao ili niione njia. Machela ya magunia na miti miwili ilitandazwa chumbani, na Sista akamwambia Elibariki, "Lala."

"Mimi? Mjamzito si mke wangu?"

"Mke wako simchezei. Wewe una uzito wake pamoja na wa mtoto. Lala, baba, watu wana kazi."

Mama yake Elibariki, bibi mkavu wa miaka sabini, alisimama mlangoni akazuia kwa mkono. "Mtu mzima mwenye afya zake habebwi," alisema. "Mnaita msiba gani nyumbani kwangu?"

"Shikamoo, mama," Sista alisema, na akainama kidogo, maana adabu hakuwahi kuiacha hata alipogombana. "Namwomba abebwe leo tukicheka, ili siku nyingine tusimbebe mtu tukilia."

Bibi aliondoa mkono. Wakambeba. Walipofika kwenye kona, ambapo mibuni miwili ilibana njia, machela ililala upande, na kwenye mfereji Elibariki alianguka majini na kusimama akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sista alicheka pia, kisha akatazama saa yake. "Dakika ishirini na sita. Simpokei Neema." Kicheko kilikatika. Alimwonyesha Elibariki mambo mawili tu, daraja la mbao juu ya mfereji na ile mibuni kwenye kona. Mibuni hiyo ilipandwa na baba yake, marehemu, kwa mkono wake. Mtu asiyetoka Meru anaweza kuona ni miti tu. Elibariki aliizunguka mibuni hiyo siku nne, siku ya tano akachukua panga akaikata, na mama yake hakuzungumza naye majuma mawili. Waliporudia zoezi walitumia dakika kumi na tatu. Sista akamwandika Neema.

Watu wa mjini nao walikuja. Mama mmoja wa Njiro, mfanyakazi wa shirika, aliyekuwa ameshazaa wawili hospitali bila shida, aliteremka kwenye gari lake zuri akiwa na kadi ya bima ya afya mkononi kama mtu anayeonyesha tiketi. Ilinibidi mimi, mtu wa bima, nimweleze kwamba kadi yake haitalipa kitu nyumbani. "Kwa hiyo bima inanijua nikilala kitanda chao," alisema, "nikilala changu hainijui?" Nilimjibu kwamba hivyo ndivyo ilivyo, nikaona aibu kana kwamba niliandika masharti hayo mwenyewe. Sista alikwenda mpaka Njiro kufanya zoezi. Kule hakuna mfereji wala mbuni, njia ni ya sakafu, na walishindwa vibaya, kwa sababu geti lilikuwa na kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kununua vocha. Walisimama ndani ya ukuta na machela yao, mbwa wakibweka, dakika kumi na tisa. "Mmepitwa na Elibariki wa migombani," Sista aliwaambia, na hakuondoka mpaka ufunguo wa pili ulipopigiwa msumari wake ukutani. Yule mama alijifungua salama, na kwa miezi mingi alituletea unga na sabuni kuliko tulivyohitaji.

Katikati ya mwaka ikaja barua ya wilaya. Kila mhudumu binafsi alitakiwa alete leseni iliyo hai, bima ya dhima, yaani ile inayomlipa mgonjwa kama mhudumu amemdhuru kwa kosa la kazi, na mahali pa kazi patakapokaguliwa. Asiyekuwa na vyote hatapata kibali, na asiyekuwa na kibali aache. Siwalaumu waliouandika utaratibu huo. Kulikuwa na watu wakizalisha kwenye vyumba vya ajabu, na kuna akina mama waliokufa humo. Leseni Sista alikuwa nayo, haikuwahi kulala hata mwaka mmoja. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani. "Wewe si unauza bima?" akaniuliza. "Nitafutie. Sitaki kufanya kazi yangu kwa kujificha. Nataka kibali, nikifunge mlangoni, niendelee." Hakutaka kitu kingine mwaka ule.

Nilikwenda mjini nikiwa na furaha. Meneja wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono. "Zahanati ina kuta," alisema. "Nikikata bima ya ukuta najua uko wapi. Huyu anafanyia kazi nyumba za watu. Mlima mzima wa Meru nitaukadiriaje?" Nilimweleza habari za machela, za saa, za mibuni iliyokatwa. "Hiyo haina nafasi kwenye fomu. Kama ana chumba kwake, andika chumba chake. Kama hana, hatuna biashara." Nilirudi na fomu kwenye mkoba. Kipengele cha tano kiliuliza mahali pa kazi, tena mahali pamoja tu, na nilikijaza mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kujivunia, nikaandika chumba cha sebuleni, nyumba ya mwombaji. Nilipofika nilimkuta barazani akimenya ndizi za mtori wa mzazi, mikono imejaa utomvu. "Nisomee," alisema. Nikamsomea. Kipengele cha nne nilikisoma kilivyo. Cha tano nikasoma, "Kikatiti na vitongoji vyake." Cha sita nikakisoma kilivyo. Akafuta vidole kwa mafuta, akafuta tena kwa kitambaa, akasaini. Hakuomba miwani yake. Aliniamini.

Bima ikatoka, na kibali cha muda kikatoka, na Sista akakiweka kwenye mfuko wa plastiki na kukipigilia nyuma ya mlango. Nilijiona nimetenda jambo kubwa. Mezani kwangu, nilipotaka kumshawishi mwenye gari anayesitasita, nilikuwa nasema, "Hata Sista Ndeshi amekata bima kwangu, seuze wewe?" Nilisema hivyo kwa watu wengi mno.

Neema alishikwa na uchungu Jumamosi asubuhi. Nilikuwa barabarani kama kawaida, na mzee wa maziwa alikuwa anasinzia kwenye usukani. Saa tano kasoro simu ikapigwa, nikasikia sauti ya Sista ikisema, "Washa gari," na simu ikakatika. Mtoto alikuwa ametoka vizuri, baadaye niliambiwa, alilia na alinyonya, kisha damu ikaanza na haikusimama. Sista alichoma sindano ya kukaza kizazi, akakanda tumbo, hakungoja aone kama itatosha. Nilitazama juu, nikaona machela ikitokeza kwenye ile kona na kupita imenyooka, bila kugusa jani. Elibariki alikuwa mbele kulia, mdomo wazi. Sista alikimbia ubavuni, mkono mmoja umekandamiza tumbo la Neema, na nyuma kabisa alikuja yule bibi, akiwa amembeba kichanga ndani ya kanga, akikimbia kama msichana. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alijua mguu wake unakwenda wapi. Nilitazama saa yangu, na zilikuwa zimepita dakika kumi na moja tangu simu. Hospitalini walimpeleka Neema moja kwa moja kwenye upasuaji. Ilibidi kizazi kitolewe. Daktari alitoka akatuambia kwamba hali ile inaweza kumpata mwanamke popote, hata kitandani kwake yeye daktari, na kwamba wangechelewa dakika kumi zaidi asingekuwa na mtu wa kumpasua. Neema alikuwa hai. Sista alikaa chini sakafuni, akaomba maji ya kunawa.

Kaka yake Elibariki, Zakayo, aliishi mjini na alifanya kazi ya udalali wa viwanja. Alikuja kuona hali, akahuzunika kweli, kisha akasikia kwamba mkunga ana bima. Sihitaji kusema alisikia kutoka wapi. Aliandika barua ya madai kwa kampuni yangu, na kampuni ikapanga kumtuma mkaguzi siku ya Alhamisi. Meneja alinipigia simu akauliza jambo moja tu, tukio lilitokea wapi. Kama ni chumbani kwa Sista, bima iko hai. Kama ni kwingine, mkataba umekufa, nakala inakwenda wilayani, na kibali kinakufa nao. Nilimjibu kwamba nitaulizia.

Siku mbili kabla ya Alhamisi, saa kumi jioni, Zakayo alikuja kwa Sista na kilo mbili za sukari. Nilikuwa chumbani, na mbao zile zilinipa kila neno. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba, baba. Shemeji yako amekula leo?"

"Amekula. Sista, mimi sikuja kwa ugomvi. Nimeuliza watu wanaoelewa. Wewe sema tu shemeji alijifungulia hapa kwako, na sisi tutasema hivyo hivyo. Wewe unabaki na kibali, Neema anapata chochote cha kumsaidia. Kampuni ndiyo inalipa. Nani ameumia?"

"Kwa nini waulize alijifungulia wapi?" Sista alisema. "Bima yangu ni ya Kikatiti na vitongoji vyake."

Nililia kabla sijafika sebuleni. Zakayo alipoona sura yangu aliinuka, akaaga, akasahau kofia yake. Nilimweleza Sista kila kitu nikiwa nimesimama. Aliniagiza nilete nakala ya fomu, akavaa miwani, akaisoma kuanzia juu mpaka akafika kwenye kipengele cha tano, na hapo akakaa nacho.

"Mwandiko mzuri," alisema mwishoni. "Ulifanya hivi kwa kunipenda?"

"Ndiyo, Sista."

"Ungenipenda, na bado ukanisomea kilivyo."

Nimepigwa na mama yangu, nimefukuzwa na wanaume wawili, nimesemwa na mabosi wa kila aina, na hakuna neno lililowahi kunipata hivyo. Nilimsihi. Nilimwambia aseme vile Zakayo alivyosema, kwamba kosa ni langu na sitaki alipe yeye, kwamba akinyamaza dakika moja tu Alhamisi atazalisha miaka kumi mingine. Alinisikiliza akikunja ile karatasi ndogo ndogo. "Nikisema Neema alijifungulia chumbani kwangu," alisema, "ile njia haipo. Elibariki alikata mibuni ya baba yake bure. Kesho mwanamke mwingine ataniambia, zoezi la nini, wakati kwa karatasi watu wote wanazaa sebuleni kwa Sista? Hicho kibali kitakuwa cha kazi nisiyoifanya." Kisha akainuka akaenda kukamua, maana ilikuwa saa ya kukamua, nami nikabaki na kofia ya Zakayo.

Siku hizi nasimamia madai ya bima ya afya, nina ofisi yenye mlango, na nimekaa kwenye vikao vingi vya kurekebisha fomu. Mara kwa mara nasema habari za mhudumu ambaye mahali pake pa kazi ni nyumba ya mgonjwa. Wananisikiliza kwa adabu, mtu mmoja husema ni hoja nzuri, kisha tunakwenda ajenda inayofuata. Sijui tungeandika nini hasa kwenye kipengele hicho. Najua tu nani alistahili kuandikwa.

Mkaguzi alikuja na viatu vilivyong'aa. Sista alimkaribisha chai, akamjibu kabla hajamaliza kuuliza. "Alijifungulia kwao. Huyu binti alikosea kwenye fomu, mimi nikakosea kusaini bila kusoma. Ukimaliza chai nitakupeleka mahali pangu pa kazi." Alimpandisha mpaka kwa Elibariki. Mkaguzi aliona chumba, aliona daraja la mfereji, akaandika. Wale wanaume wanne walikuwa wamekusanyika, na machela ilikuwa imetandazwa. Alipoelewa anachotakiwa kufanya alianza kucheka na kurudi nyuma, na ni yule bibi, yule yule aliyezuia mlango, aliyemshika kiwiko. "Lala, baba," alimwambia. "Hata mwanangu alilala." Akalala, na viatu vyake vikaangalia mbinguni. Walimshusha bila kumtikisa. Pale barabarani aliinuka, akajipangusa, akauliza ni dakika ngapi. "Kumi na mbili," Sista alisema. "Una uzito kidogo." Yule bwana aliandika ripoti ya haki. Alieleza yote aliyoyaona, kwa maneno ya heshima, na kwenye mstari wa mwisho akaandika kwamba mkataba ni batili. Hakuwa na la kuandika zaidi.

Elibariki alimaliza habari ya madai mbele ya watu, alipomwambia kaka yake, "Mke wangu yupo jikoni. Nadai nini?" Zakayo aliinamisha kichwa, na nadhani alifarijika. Afisa wa wilaya, mama wa makamo ambaye naye alikuwa muuguzi zamani, aliileta barua ya kusitisha kwa mkono wake mwenyewe. Alikunywa chai, akala kiburu cha ndizi na maharage, akashindwa kuifungua bahasha. "Sista, nimetafuta kifungu cha kukuokoa," alisema. "Sina."

"Najua, mwanangu. Kifungu nacho kina miezi yake. Ukikivuta kabla kitatoka kibovu." Akasimama, akachomoa misumari nyuma ya mlango, akamkabidhi kibali kikiwa bado ndani ya plastiki yake.

Nilidhani angeendelea kwa siri. Kijiji kizima kilidhani hivyo, na mtendaji alianza tena kutazama milima. Hakuendelea. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wote aliokuwa amewaandika, akawaambia mwenyewe kwamba amezuiwa, na akawafanyisha zoezi la machela hata hivyo, kwa ajili ya safari ya hospitali. Wengine walimkasirikia. Mmoja alimfungia mlango. Nilitamani agombane, atukane ofisi, anitukane mimi walau, lakini alipanda na kushuka ile njia wiki nzima, akirudi na vumbi magotini, akila kidogo.

Mwanamke wa mwisho kwenye orodha yake aliitwa Upendo. Uchungu ulipomshika, mwezi wa mwisho wa kukaa kwangu pale, mumewe alikuja kwa Sista kwa mazoea tu, miguu ilimleta. Tulimfuata Upendo kwao, tukashuka wote wanne, tukampeleka hospitali asubuhi ile, na Sista alimshika mkono njia nzima akimwambia apumue vipi. Kwenye mlango wa wodi ya wazazi muuguzi kijana alimpokea Upendo, akamtazama Sista Ndeshi juu mpaka chini. Alikuwa mgeni, asingeweza kumjua.

"Bibi, wewe ni nani wa mgonjwa?"

Nilifungua mdomo niseme. Sista alinigusa mkono.

"Jirani," alisema.

"Basi jirani, subirini nje."

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Yeye aliinamisha kichwa upande wa mlango, macho amefumba, akasikiliza muda mrefu yule muuguzi akizungumza na Upendo huko ndani, akimwambia ageuke, ashike hapa, asiogope. Kisha akafumbua macho, na uso wake ukalegea.

"Ana sauti tulivu, yule binti," alisema. "Hana haraka. Upendo yuko mikono salama." Akasogea mwisho wa benchi, akampisha mume wa Upendo akae.